Nani Aligusa Maji ya Gobi?

Ninyi mnaoanza kufuga samaki wa baharini ndani ya vioo, mkiniuliza gobi ni yupi, nitawaambia kama nilivyoambiwa mimi: mgeuze umtazame tumbo. Mapezi mawili ya chini yameungana yakawa kikombe kidogo, na kwa kikombe hicho hujishika kwenye jiwe hata mkondo ukivuta. Mgongoni ana mapezi mawili, la mbele fupi na la nyuma refu. Ukiona pezi moja tu limetanda tangu kichwani hadi mkiani, na juu ya macho kuna vinyweleo kama nyusi, huyo si gobi. Ni bleni, na mrudishe ulikomtoa.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Mwanaisha, aliyekuwa akifunga samaki wa mapambo kwenye mifuko pale Mtwapa nilipopata kazi ya kuzamia baada ya kuacha shule darasa la sita. Siku moja niliwafunga bleni wawili pamoja na gobi ishirini. Samaki walifika walikokwenda mikia imetafunwa. Bi Mwanaisha alinishika mkono akaupiga kofi mbele ya wenzangu. "Chengo, wewe waangalia sura. Sura itakuuza. Tazama tumbo!"

Nililichukua neno hilo nikalipeleka mbali kuliko alivyokusudia. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushuku kila kitu: samaki, mfuko, mwenye mfuko, na aliyemtuma. Katika kazi hii kushuku kumenisaidia mara nyingi. Mara moja kulimponza mtu asiye na hatia, na karibu kumuue samaki niliyelipwa kumlinda. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2012, Lodwar, mji wa Turkana, mbali na bahari. Sikuwa na sababu ya maana ya kufika huko. Nilisikia kuna mji ambako mto hukauka ukawa barabara ya mchanga, nikataka kuuona. Wakati huo habari za kugunduliwa mafuta zilikuwa zimeleta wageni wengi, na kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga vyumba vya kulala. Mama Kendi, mfanyabiashara mjane kutoka Meru, alikuwa na hoteli ya vyumba kumi na viwili, na ili kuwashinda wenzake alinunua tangi la kioo la lita mia mbili kutoka kwa mtu wa Mombasa aliyekuwa anahama. Lilikuja kwa lori pamoja na mchanga, mawe, magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na samaki sita mifukoni. Wanne walikufa njiani. Wa tano alikufa wiki hiyohiyo. Aliyebaki alikuwa gobi mmoja mwenye urefu wa kidole, mweupe, mikanda ya rangi ya kutu mwilini, na pamoja naye kamba mdogo mwenye gando moja kubwa kuliko jingine.

Mama Kendi aliponiuliza kama najua samaki, nilimwangalia gobi, nikamwambia jina lake na tabia zake kabla hajamaliza swali. Akaniajiri papo hapo. "Lakini usikie, wewe mtu wa pwani," alisema. "Watu wamenicheka nimeleta bahari Turkana. Hiyo samaki ikikufa, watacheka mpaka Kitale."

Sasa sikieni kuhusu gobi wa aina hii, maana wengi hununua mmoja wakamwacha mwenzake. Kamba yule karibu ni kipofu. Kazi yake ni kuchimba shimo mchangani, kutwa kucha, akitoa changarawe kama mtu aliyepewa kibarua cha choo. Gobi hachimbi. Yeye husimama mlangoni akitazama. Kamba akitoka, huweka kipapasio chake juu ya mgongo wa gobi na hakiondoi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wamo ndani kabla hujapepesa jicho. Gobi hamwamini mtu. Nilimpenda kwa hilo.

Kamba naye ana mlio. Hulifyatua gando lake: ta! Utadhani kioo kimepasuka. Mgeni mmoja alihama meza mara tatu. Lokwang, mlinzi wa lango, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mashine ya kunasa maneno ya watu mle ndani. Nilimwonyesha kamba. Akamtazama kwa muda mrefu. "Na hiyo samaki inamchungia?"

"Inamchungia."

"Kwa mshahara gani?"

"Nyumba."

"Hata mimi," alisema Lokwang, akarudi langoni.

Kufuga gobi Lodwar si kama kufuga gobi Mtwapa. Kwanza, gobi huruka. Akishtuka usiku utamkuta asubuhi sakafuni amekauka kama ganda la muhogo, kwa hiyo nilifunika tangi kwa kipande cha chandarua nilichokibana kwa mpira. Pili, mchanga uwe mwepesi na mawe yakae juu ya kioo chenyewe cha chini, yasikae juu ya mchanga, la sivyo kamba atachimba chini ya jiwe na jiwe liwaangukie. Tatu, chakula. Nilikuwa nasaga nyama ya tilapia mbichi mpaka iwe kama uji, naivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naishusha taratibu mbele ya shimo. Ukimwaga juu tu, gobi hatatoka kuifuata. Inaoza, na maji yanaharibika.

Tatizo kubwa lilikuwa joto. Saa nane mchana maji yalikuwa kama ya kuogea mtoto. Nilipata feni ya mezani nikaielekeza juu ya maji, na kweli yakapoa. Lakini upepo ule juu ya maji, katika hewa kavu ile, uliyanywa maji. Kila siku yalishuka kidole kizima.

Hapo nikapanga utaratibu. Nilichora mstari kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha. Nikachanganya maji ya chumvi kwenye ndoo ya buluu yenye kifuniko, kipimo kilekile cha bahari. Nikamwambia Nakiru, mwanamke aliyekuwa akisafisha ukumbi alfajiri, "Kila asubuhi ongeza maji ya ndoo ya buluu mpaka yafike mstarini. Usizidishe, usipunguze."

Nakiru alizaliwa Todonyang, kule juu kwenye Ziwa Turkana ambako maji yenyewe yana chumvichumvi, akalelewa kwa mbuzi na samaki. Wakati huo aliishi Kanamkemer na mabinti wawili waliokuwa shuleni, na mshahara wa hoteli ndio ulikuwa karo yao na unga wao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya wiki moja hivi aliniambia, "Mpwani, hii maji inakuwa kali."

Nikamjibu, "Wewe fagia. Maji ni yangu."

Jibu hilo nililisahau kwa miezi. Yeye hakulisahau.

Baadaye nikaanza kuona mambo. La kwanza, ndoo ya buluu ilikuwa haipungui, na bado maji ya tangi yalikuwa mstarini kila asubuhi. Maji yalitoka wapi? La pili, Mama Kendi alianza kulalamika kwamba dumu kubwa la maji ya kunywa, lile la wageni, linaisha upesi. "Nani anakunywa maji yangu?" La tatu, kwenye ukingo wa kioo nilikuta unga mweupe. Nilifuta leo, kesho umerudi. Na la nne ndilo lililoninyima raha: nilimwona Nakiru kupitia mlango wa jikoni akiinua chandarua, akachovya kidole majini, akakipeleka mdomoni, akatikisa kichwa, akatema pembeni.

Nikajumlisha. Sumu, nikasema. Au dawa. Kuna mwenye hoteli mwingine amempa kitu. Nilikuwa ugenini ambako neno emoit hutumika kwa mgeni na kwa adui pia, nami nikaona kila aliyeniamkia "ejok" alikuwa ananipima. Nikafunga uzi mweusi kwenye chandarua nione kama utakatwa. Nikanyunyiza unga wa ngano sakafuni karibu na tangi. Unga huo aliufagia Nakiru mwenyewe, maana ndiyo kazi yake, na uzi aliufungua kisha akaufunga tena, vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. Nilichukulia huo kuwa ushahidi.

Wakati huohuo samaki alikuwa mzima kabisa, anakula, anatazama. Nalo hilo nililishuku. Nilisema sumu hii ni ya polepole.

Kisha pampu ya hewa ikafa. Umeme wa Lodwar ulikuwa unakatika mara nyingi hivi kwamba pampu ya betri ndiyo ilikuwa mapafu ya tangi. Nikaambiwa fundi mzuri yuko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Nikamwachia Lokwang kikombe, nikamwonyesha namna ya kuteka maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, nikapanda gari la asubuhi.

Fundi huyo alikuwa Mkongomani aitwaye Bahati. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunuliwa matumbo. Alifungua pampu, akanionyesha ngozi ya ndani imechanika, akakata nyingine kutoka mpira wa baiskeli. Wakati gundi inakauka nilimsimulia kisa changu chote. Nilikuwa nimebeba hata ule unga mweupe ndani ya karatasi. Nikaufungua mbele yake kama askari aliyekamata bangi.

Bahati akalowesha kidole, akaonja kabla sijamzuia. "Kaka yangu, hii ni chumvi."

"Unaona! Wanamtilia chumvi!"

"Nani banamutilia?"

"Yule mama."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Iko watu banakuja hapa na redio. Banasema, fundi, jirani ameniibia sauti. Mimi nazungusha kifungo, sauti inarudi. Ni yeye mwenyewe aliishusha akasahau." Akanirudishia pampu. "Angalia kifungo yako kwanza."

Nilicheka, nikamlipa, nikaondoka nikidhani amesema tu kwa mzaha.

Nilirudi Lodwar siku ya pili, mapema kuliko walivyonitarajia, nikaingia kwa mlango wa nyuma kulipokuwa kumepambazuka. Nakiru alikuwa amesimama mbele ya tangi na jagi la maji ya wageni mkononi, anamimina.

"Nimekukamata!" nilisema, sauti ikafika chumba namba kumi na mbili.

Mama Kendi alikuja na kanga mabegani. Wageni wawili wakachungulia. Nikaeleza yote: ndoo isiyopungua, unga, kidole, uzi, na sasa jagi. Nikasema maji matamu ni kifo kwa samaki wa bahari, kila mtoto wa pwani anajua.

"Nakiru," alisema Mama Kendi, "ni wewe umekuwa ukichukua maji ya wageni?"

"Ni mimi."

"Kupatia samaki?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nakiru akanitazama mimi, si yeye. "Niliambiwa nifagie." Akaweka jagi mezani, polepole, lisitoe mlio.

Mama Kendi alikuwa mtu wa haki lakini maji ya dumu yalitoka mbali na kwa gharama. Akamwambia akae nyumbani kwanza, kazi isimame mpaka ajue la kufanya. "Samaki ikikufa, Nakiru, usirudi. Ikipona, tutaona." Nakiru akavua aproni, akaikunja, akatoka. Lokwang alimfungulia lango bila kunisalimu.

Sasa maji yakawa yangu kweli. Kila asubuhi niliteka kutoka ndoo ya buluu, nikajaza mpaka mstarini, nikahisi mambo yamenyooka. Ndoo ikawa inapungua kama inavyotakiwa. Feni ikazunguka.

Siku ya nne gobi hakutoka kula. Siku ya sita alikuwa nje ya shimo, amelala ubavu kidogo, mashavu yanapanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima. Mikanda yake ya kutu ilikuwa imepauka. Kamba alikuwa mlangoni peke yake, kipapasio kinapapasa huku na huku, hakipati mgongo. Kuanzia siku ya saba hakukusikika ta. Nilisema sumu ya Nakiru imeanza kazi. Nilibadilisha mchuzi wa tilapia, nikapunguza taa, nikaosha pampu. Siku ya tisa, ule unga mweupe ulikuwa mnene ukingoni kuliko ulivyowahi kuwa, na Nakiru hajakanyaga hapo kwa siku tisa.

Nilisimama pale nikiutazama. Lokwang akaja nyuma yangu.

"Samaki yako inakufa."

"Naona."

"Na sasa utashuku nani? Mimi?"

Na kweli nilikuwa nimeanza kumshuku.

"Yule mama alikuwa anaonja," alisema. "Kila siku. Kwetu ukipeleka mbuzi kisima kipya, unaonja kwanza wewe. Kisima kinabadilika. Juzi kizuri, leo kinaua. Wewe umewahi kuonja hii?"

Miaka kumi na moja nilizamia. Nimemeza bahari kwa pua na mdomo, naijua kama chai ya nyumbani. Na katika miezi yote ya Lodwar sikuwahi kuonja maji yale. Kipima chumvi changu cha kioo kilivunjika njiani, hapo kwenye mashimo baada ya Kitale, nami nikategemea kipimo cha ndooni. Nikachovya kidole. Ulimi ulijikunja. Haikuwa bahari. Ilikuwa kitu kilichobaki bahari ikishachemshwa.

Basi nikaelewa, na nyinyi elewani sasa bila kulipa nilicholipa. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki. Ukijaza kwa maji ya chumvi, umeongeza chumvi juu ya chumvi, leo, kesho, na keshokutwa. Kinachopungua ni maji matupu, basi unachorudisha ni maji matupu. Pwani hatukujua hivyo kwa sababu hatukuhitaji kujua. Bomba letu lilivuta bahari yenyewe mchana na usiku, na maji yakishuka unafungulia bahari tena. Unga wa ukingoni ulikuwa jasho la tangi langu mwenyewe. Mtu pekee aliyekuwa akimtilia gobi chumvi nilikuwa mimi, kwa ndoo ya buluu, kwa kipimo sahihi.

Nilichukua bodaboda hadi Kanamkemer. Nakiru alikuwa anafua nje ya nyumba. Aliniona, akaendelea kufua.

"Ejok, dada."

"Ejok."

"Nimeonja maji."

Akakamua nguo. "Iko namna gani?"

"Kali."

"Kali kupita ya Todonyang?"

"Mimi sijawahi kunywa ya Todonyang."

"Mimi nimekunywa hiyo nikiwa mdogo. Yako nilitema." Akaanika nguo. "Samaki iko hai?"

"Kidogo. Nataka kumwaga nusu sasa hivi, nitie maji matamu."

Hapo ndipo alipogeuka kabisa. "Utaiua! Mbuzi ikitoka maji ya chumvi huipeleki mtoni inywe ishibe. Itaanguka hapohapo. Unaipa kidogo leo, kidogo kesho." Akafuta mikono kwenye sketi. "Na Mama amesema nini?"

"Hajui bado. Nitamwambia mbele yako."

"Mbele yangu na mbele ya Lokwang," alisema. "Ulinisema mbele ya wageni."

Nilisema yote, pale ukumbini, wote watatu wamesimama na mgeni mmoja akisahau uji wake. Mama Kendi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo mwizi wa maji yangu ndiye alikuwa ananiokolea samaki, na mganga wa samaki ndiye alikuwa anaiua."

"Ndiyo, Mama."

"Nakiru, kuanzia leo tangi ni lako, na nyongeza juu. Huyu atakubebea ndoo."

Kwa siku tano tulitoa jagi moja la maji makali asubuhi na jagi moja jioni, tukarudisha ya dumu, na kila mara Nakiru alichovya kidole, akatema, akasema "bado." Mimi niliruhusiwa kuonja baada yake. Siku ya tatu gobi alirudi mlangoni. Siku ya nne alikula. Siku ya tano, ukumbi umejaa watu wa chai ya asubuhi, tukasikia ta! Mgeni mmoja akaruka kitini, na Nakiru, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilikaa Lodwar mpaka katikati ya mwaka 2013, miguu ikaanza kuniwasha tena. Kabla sijaondoka nilitaka kumwomba Nakiru radhi peke yangu, bila watu. Nilimtengenezea chai ya maziwa mwenyewe, sukari ya kutosha, nikampelekea alipokuwa ameketi mbele ya tangi akimtazama gobi, na gobi akimtazama yeye. Nikasema niliyoyasema. Alisikiliza, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akaniambia asante.

Kisha akachovya kidole ndani ya chai, akakilamba, akangoja kidogo, ndipo akanywa.